Nguo Zako Tumezigawa kwa Jina Tu

Mdogo wangu Damari,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu kwa miaka mingi: kwanza anwani, kisha salamu, kisha mwandikaji aeleze afya yake kabla ya kuuliza ya mwenzake. Kwako nimeshindwa. Anwani yako siijui, na hali yako sithubutu kuiuliza. Ya kwangu nitakuambia: ninapumua. Tangu nikae kando ya kitanda chako, neno hilo silitamki tena kama jambo dogo.

Ninaandika mezani kwa Yona, hapa Cedar Hill, kando ya Dallas. Mwanangu amekwenda kazini, Tumaini wako yuko shuleni, na nyumba imenyamaza isipokuwa mashine ya kusafisha hewa ambayo Yona aliinunua baada ya msiba. Iko mlangoni mwa chumba cha Tumaini na inavuma mchana kutwa. Kila asubuhi ninaigusa kuona kama inafanya kazi, ingawa sijui inafanya nini hasa. Ndivyo nilivyokuwa nikigusa mirija yako.

Kuna jambo nataka ulipate kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine. Nguo zako hazikufika Mpwapwa. Shangazi Mele aliutandika mkeka, ndugu wakaja, wakasubiri, mkeka ukakunjwa. Unajua kwetu maana yake nini. Marehemu ambaye nguo zake hazikugawiwa ni kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Nitakueleza sababu, na nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio kitu pekee kilichobaki mikononi mwangu.

Acha nianze na kupe.

Ulikuwa umekwenda kaskazini mwa Marekani, kwenye majimbo yenye misitu, kufanya kazi ya uuguzi ya mkataba katika hospitali ya mji mdogo. Ulinipigia simu ukicheka mpaka ukakohoa. "Dada, Baba angenifukuza nyumbani! Binti wa mwogesha ng'ombe nimeumwa na kupe wa Kizungu!" Ulisema ulimkuta nyuma ya goti, mdogo kama mbegu ya mchicha, ukamng'oa kwa kucha, ukamchoma kwa kiberiti kama tulivyokuwa tukifanya kule joshoni. Nami nilicheka. Nani katika ukoo wetu asingecheka? Baba alisimama ukingoni mwa josho maisha yake yote, akiwasukuma ng'ombe wa watu waogelee kwenye dawa, na jioni alinyoosha miguu tumtoe kupe huku tukigombania nani kampata aliye mnene zaidi. Waliokufa kwa kupe walikuwa ng'ombe. Mtu alijikuna, basi. Elimu hiyo tulipewa na Baba, nayo ilikuwa elimu kamili kwa Mpwapwa. Hatukujua kwamba kuna mahali ambapo haitoshi.

Kisha magoti yakavimba. Kisha shavu la kushoto likalala, ukawa unakunywa chai kwa mrija na kuniambia, "Usinichekeshe, Dada, nitamwaga." Walikutibu huko huko, shavu likainuka, ukarudi Houston. Lakini hukurudi mzima. Moyo ulikuwa unakwenda mbio ukiwa umekaa. Ulisahau majina ya dawa ambazo umewagawia wagonjwa nusu ya maisha yako. Siku moja ulinipigia kutoka kwenye maegesho ya duka ukilia, kwa sababu ulikuwa umesahau njia ya kurudi nyumbani, na nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nilifunga virago hapa nikaja kukaa nawe Sharpstown, kule Houston, katika ile nyumba ya ghorofa ya chini. Tulizunguka kwa madaktari pamoja. Wa kwanza alisema ugonjwa wa Lyme, ule wa kupe, ulikwisha kutibiwa, na kilichobaki ni uchovu. Wa pili alisema haujaisha, umejificha mwilini, akakupa dawa za kuua bakteria mwezi baada ya mwezi. Wa tatu alimshangaa wa pili, akasema dawa hizo zitakuumiza bure. Wote walikuwa wamesoma, wote walivaa makoti safi, wote walisema kwa upole. Mimi nilikaa kwenye kiti cha ukutani, mkoba magotini, nikamsadiki kila mmoja kwa zamu yake. Mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa sahihi. Nimezoea kuwa na jibu mbele ya darasa. Katika chumba kile nilikuwa mwanafunzi, na waliokuwa wakifundisha hawakukubaliana.

Na watu wetu, Damari. Unawakumbuka walivyokuwa wakija Jumapili baada ya ibada, na vyungu vya pilau vimefungwa kwa taulo, wakivua viatu mlangoni na kukanyaga zulia kwa soksi. Walikuwa wema. Lakini hawakujua wakupe pole ya nini. Kansa ina pole yake, kisukari kina pole yake. Ya kwako walikuwa wakiizungukazunguka. "Eti ni mdudu?" "Mdudu wa tangu mwaka juzi?" "Mbona anaonekana vizuri?" Yule mama wa kwaya, mwenye sauti nene, aliniambia jikoni huku akipakua, "Mwalimu, si bora wangesema moja, tukajua tunaombea nini?" Nilimjibu kwa ukali kwamba Mungu hahitaji jina la kitabibu. Alipoondoka nilikaa kwenye kile kiti chako cha jikoni kilichovunjika, nikajikuta na mimi ninataka jina moja tu.

Badala yake tukapata la pili.

Mvua ile kubwa ilipokuja, maji yalishuka kutoka nyumba ya juu, yakapita kwenye dari ya chumba chako, yakanywewa na zulia. Meneja wa majengo alimtuma fundi na feni. Feni ilivuma siku chache ikachukuliwa. Doa likatokea ukutani, nyuma ya kitanda, rangi ya majivu. Fundi akaja na kopo la rangi nyeupe, akapaka. Doa likarudi. Akapaka tena. Ukuta ule ulipakwa kama mtu anayepakwa poda usoni ili watu wasione kwamba ana homa.

Wewe ndiye uliyenusa kwanza. "Dada, hainukii?" Nilivuta hewa kwa nguvu zangu zote, nikasema sinusi kitu. Sikusema uongo, pua yangu ni ya mzee aliyevuta vumbi la chaki. Lakini uliamka kila asubuhi ukiwa umefungwa kifua, na ukitoka nje kukaa kwenye ngazi pumzi ilirudi, na ukiingia ndani ikaondoka. Ulikuwa ukikaa kwenye ngazi zile kwa khanga mbili, ukiwaangalia watoto wa majirani wakicheza mpira, mtu mzima aliyefukuzwa na chumba chake mwenyewe.

Nekesa, muuguzi mwenzako, Mkenya wa watu, alikuja siku moja, akasimama mlangoni na hakuvua viatu. "Ai, Damari! Hii nyumba inanuka soksi ya mlevi! Mwalimu, hii kitu iko ndani ya ukuta, nakuambia." Nilimsahihisha, kwa mazoea tu. Nilisema, "Kitu hiki." Akanitazama juu ya barakoa yake, akacheka kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu. Kitu hiki kitamuua mtu huyu." Wewe ulicheka kwa sauti. Ulikuwa unampenda kwa sababu hakunong'ona.

Nakumbuka ule mlenda mkavu niliokuletea, umesagwa na Shangazi Mele, umefungwa kwenye kopo la maziwa. Kwetu mlenda ule hukaa kutoka mavuno hadi mavuno, haubadiliki hata harufu. Pale kwako ulipoufungua kabla hata msimu haujageuka, ulikuwa umeota manyoya ya kijani. Ulikaa umelishika kopo muda mrefu. Kisha ukasema, "Mama angetupa hata kopo." Ni kweli. Mama hakujua maneno ya wataalamu, lakini alipochambua karanga alizitenga zilizosinyaa na zenye kuvu, akazichimbia shimo. Ukimwuliza kwa nini asiwape kuku, alikuwa mkali: "Hata kuku asipewe. Kuku nitamla mimi." Mimi na wewe tulijua tangu utotoni kwamba kuvu si uchafu wa kupangusa. Lakini karanga unaweza kuitenga. Nyumba utaitenga vipi, wakati ndimo ulimolala?

Daktari wa pili alisema mwili wako, ukiwa umekwisha kuchoshwa na Lyme, hauwezi kuhimili hewa ile. Uhame, na usichukue kitu chochote chenye nyuzi au karatasi. Daktari wa tatu alisema hayo hayajathibitika, ila nyumba yenye unyevu haimfai mtu yeyote, kwa hiyo uhame. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana. Nawe ulikuwa na mkataba wa pango, huna kazi tena, na Tumaini ana shule na rafiki zake na hana baba wa kumkimbilia, maana baba yake yuko jimbo jingine na watoto wengine. Ulisema, "Nitahama amalize muhula." Sikukulaumu. Mama gani angesema vingine?

Yona alikuja kutuchukua Tumaini alipomaliza muhula. Uliingia garini na mfuko mmoja wa plastiki. Ulipofika hapa ulioga, ukavaa gauni la mke wa Yona, ukalala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwako tangu ulipokuwa msichana. Majuma yale ya kwanza nilidhani tumeshinda. Ulikaa nje ya nyumba, kwenye nyasi, ukinimenyea viazi vibaya ili nikugombeze. Ulisema Dallas ina upepo kama Mpwapwa, ila hauna vumbi la kutosha.

Kisha homa. Kisha damu kwenye kitambaa, ambayo uliificha, na Tumaini akaiona.

Hospitali hapa Dallas walikuta kuvu ndani ya mapafu. Si ukutani tena, Damari, ndani yako. Yule daktari kijana, binti mwenye macho ya kuchoka, alinieleza polepole. Alisema mwili uliougua muda mrefu na kunywa dawa nyingi huchoka kulinda mlango, na kitu ambacho sisi wengine tunakivuta na kukitoa kila siku bila kujua, kwako kilikaa, kikajenga. Nikamwuliza: Je, ni kupe? Ni dawa? Ni nyumba ile? Alisema hawezi kujua kipi kilitangulia na kipi kilisaidia. Alisema, "Samahani sana." Nilitaka sana awe mtu mbaya. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikamkosa. Hata yule fundi wa rangi alikuwa ametumwa tu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Nitasema moja tu, kwa sababu haliniachi.

Ilikuwa asubuhi, jua limejaa chumbani. Ulifungua macho, ukasogeza ile barakoa ya hewa kwa kidole, ukasema, "Dada, fungua dirisha." Nikasimama. Dirisha lilikuwa kubwa, nje kuna miti, majani yanatikisika. Nilipapasa pembeni kutafuta komeo. Nilipapasa juu, nilipapasa chini, nilipanda kiti. Yona akanishika mkono. "Mama, halifunguki. Ni kioo kizima. Madirisha ya huku hayafunguki." Nikakuambia, "Ngoja kidogo, mdogo wangu, wanaleta ufunguo." Ukaitikia kwa kichwa. Uliniamini, kama ulivyoniamini siku zote. Ukangoja. Hukuomba kitu kingine tena.

Tulikuzika huku. Shangazi hakupenda, na mimi sikupenda, maana udongo wa hapa ni mzito na mweusi, unang'ang'ania jembe, na nilikuwa nimekuwazia udongo wetu mwekundu, mkavu. Lakini Tumaini alitaka uwe karibu naye. "I want her close, Mama Mkubwa," alisema. Mtoto aliyebakiwa na ombi moja hanyimwi.

Sasa nguo.

Mkataba wa pango ulipokaribia kwisha, Yona alituendesha Houston kwenda kutoa vitu. Nilimwamuru Tumaini abaki garini. Nekesa alitukuta pale, akatuvalisha glavu na barakoa kama watoto wanaokwenda kuchezea matope. Nilifungua kabati lako. Sitaki kueleza mengi. Viatu vyako vyeusi vya ibada vilikuwa vimeota manyoya meupe, laini, kama kifaranga. Vitenge vilikuwa na unga wa kijivu mikunjoni. Sare zako za kazi zilikuwa na madoa kwapani na shingoni, mahali hasa ambapo mwili wako uligusa, kana kwamba kitu kile kilikuwa kikikutafuta. Nilishika lile gauni la kijani ulilovaa harusini kwa Yona. Nikaanza kulikunja. Nekesa akasema, bila kucheka safari hii, "Mwalimu, usilipeleke nyumbani kwa mtoto."

Nilimwuliza kama haliwezi kufuliwa. Akasema wengine husema maji ya moto yanatosha, wengine husema hata ukilichemsha kuvu haitoki. Nilimwuliza yeye anasemaje. Akasema, "Mimi sijui. Najua tu nani alivaa."

Tulipotoka na mifuko myeusi, Tumaini hakuwa garini. Alikuwa ameingia ndani kwa mlango wa nyuma. Aliporudi, koti limefungwa, sikumwuliza. Lakini tulipokuwa njiani, kabla hatujafika hata nusu ya safari, macho yake yalivimba, akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kifupi, ambacho mimi na Yona tulikitambua wakati mmoja, na gari likayumba. Yona akaegesha kando ya barabara kuu. Nikamfungua koti. Ndani, kifuani, alikuwa ameficha mbeleko.

Ile ya njano, yenye mistari ya kahawia. Niliinunua mimi mwenyewe Mpwapwa, ulipojifungua, nikaileta nayo imelala juu kabisa katika sanduku. Ulimbeba Tumaini humo mgongoni katika nchi ambayo watu wanawasukuma watoto kwa vigari. Ulisema wazee wa Kizungu walikuwa wakikusimamisha dukani kukuuliza kama mtoto anapumua.

"Mama Mkubwa, don't," akasema. "Please. It's the only one that still smells like her." Ndiyo pekee, alisema, iliyobaki na harufu yako.

Damari, mimi nimewanyang'anya watoto vitu maisha yangu yote: manati, barafu, barua za mapenzi. Nasema "Leta hapa" na mkono unaletwa. Siku ile nilinyoosha mkono, nikaurudisha mwenyewe. Yona ndiye aliyeichukua, taratibu, akaifunga ndani ya mfuko mara mbili, akaiweka nyuma. Mtoto akalia bila sauti mpaka Dallas.

Daktari wake alimsikiliza kifua. Alisema mapafu ni mazima, kilichomsumbua kimepita, ila asikae karibu na vitu vile. Mazima, alisema. Nilimfanya arudie.

Mifuko ikakaa kwenye gereji ya Yona. Siku moja nilijaribu kuanika vitenge kwenye nyasi za nyuma, jua lilikuwa kali, nikafikiri kwamba jua ni jua. Mke wa Yona akaja mbio: "Mama, tafadhali, mtoto anarudi sasa hivi!" Nikavikusanya. Niligeuka pale uani mara kadhaa, nimekumbatia nguo za marehemu, sina pa kuzipeleka. Kuzituma sikuweza; ningewatumia watoto wa Shangazi ugonjwa katika sanduku. Kuzitupa bila neno sikuweza. Kuzichoma hapa hairuhusiwi.

Na Shangazi anapiga simu. "Perusi, nguo za mdogo wako ziko wapi? Au umezipenda?"

Hilo lilinichoma. Nikaamua. Nilimwambia autandike mkeka tena, awaite wote, na mtu mmoja ashike simu juu. Jumamosi Yona akafungua mlango wa gereji, akasimama na simu yake. Mimi nikavaa barakoa na glavu. Nekesa alikuwa amekuja kutoka Houston. Shangazi akanisogelea kwenye kioo mpaka nikaona pua tu: "Mbona umejifunga mdomo kama mwizi?"

Nikawaeleza. Nilisema ugonjwa wa Damari ulianza kwa kupe na ukaishia kwa kuvu, na kwamba kuvu hiyo imo ndani ya nguo zake, na kwamba wana wao na wajukuu wao wana mapafu. Nikasema: nitainua nguo moja moja, nitamtaja mwenyewe, naye atapokea kwa mdomo. Kisha nguo itarudi mfukoni, na mfuko utakwenda zake.

Kisha Chiduo, binamu yetu, unamjua, akasema, "Kwa hiyo tunagawiwa picha?" Wengine wakaguna. Shangazi akamgeukia. "Wewe Chiduo, mkeka huu ni wa nani? Basi pokea unachopewa."

Nikainua gauni la kijani. "Shangazi Mele." Akapiga makofi mawili, kama inavyotakiwa, akakinga mikono mbele ya simu. "Nimepokea." Nikainua kitenge cha bluu, nikamtaja wifi yetu. "Nimepokea." Nikainua viatu vya ibada, nikamtaja mke wa Chiduo. Akasema, "Nimepokea. Vingenibana, lakini nimepokea." Wakacheka kule, tukacheka huku, na ndipo nilipojua kwamba ni msiba kamili, kwa sababu hakuna mgawo wa nguo kwetu usiokuwa na kicheko. Sare ya kazi nikampa Nekesa. Hakujua desturi, akapiga saluti. "Nimepokea, dadangu."

Mwisho nikaufungua ule mfuko uliofungwa mara mbili. "Tumaini, binti Damari."

Alikuwa amesimama nje kwenye njia ya gari, mbali, kama tulivyomwagiza. Akakinga mikono. Akasema, "Nimepokea." Kwa Kiswahili, wazi, bila mtu kumkumbusha.

Wengine wote nguo zao zilirudi mfukoni. Hiyo sikuweza kuirudisha. Nilisimama nayo. Watu Mpwapwa wanangoja, Yona ananitazama, na mimi, niliyeweka sheria, siwezi kuitimiza. Nakuambia ukweli, mdogo wangu, hata sasa sijui kama nilifanya sawa. Mke wa Yona akaingia jikoni, akatoka na ile chupa kubwa ya kioo anayowekea achari, yenye mfuniko wa kubana na mpira, imeoshwa, imekauka. Nikaikunja mbeleko, nikaitia, nikabana. Nikaifuta nje. Nikaiweka chini katikati ya njia, nikarudi nyuma, ndipo Tumaini akaja akaichukua.

Iko juu ya rafu chumbani kwake. Rangi ya njano inaonekana vizuri asubuhi. Tumekubaliana haifunguliwi. Jioni huipakata akifanya kazi zake za shule, kama mtu anavyompakata paka. Kikohozi hakijarudi. Ninasikiliza. Hakuna ninaloweza kufanya zaidi ya kusikiliza, na ninalifanya kwa bidii.

Sitakudanganya kwamba ni yeye peke yake anayejaribiwa. Akiwa shuleni mimi huingia chumbani mwake kupangusa vumbi ambalo halipo. Najua kidole gumba kimoja kinatosha kuinua kile kibano. Harufu yako imo humo, na kilichokuua kimo humo, vimekunjwa pamoja, na hakuna daktari kati ya wote waliotuhudumia anayeweza kunitenganishia.

Basi, Damari, nafikia mwisho, na mwisho wa barua ni mahali pa kuagana na kuahidi. Kuagana sijui; nilikulea, na aliyelea huambiwa kwaheri, haisemi. Nitaahidi. Hapa chupa ile sitaifungua. Tumaini akimaliza shule, Mungu akinibakishia miguu, nitakwenda naye Mpwapwa wakati wa kiangazi, tupande mpaka kwenye josho la Baba, ambalo nasikia limebaki kuta tu. Nitasimama upande unakotoka upepo, chupa mikononi, na mtoto atasimama nyuma yangu, mbali. Sijui kama jua la kwetu linaliweza jambo hili. Hakuna aliyeniambia kwamba linaliweza, na mimi si wa kusema nisilolijua.

Lakini uliniomba nifungue, na nikakuambia ungoje kidogo. Endelea kungoja. Pale joshoni hakuna kioo.

Ni mimi, dada yako,
Perusi